Namna ya Kuandaa Usiku wa Vichekesho, Hadithi na Muziki katika Ukumbi Mdogo

Kuchanganya vichekesho, hadithi na muziki katika usiku mmoja si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre ambayo wengi waliijua kwa jina la TOT, vilipanda jukwaani na ngoma, sarakasi, vichekesho na maigizo kabla ya kufikia taarabu, na mashabiki walilipa kiingilio kimoja wakaona yote. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kuandaa usiku wa namna hiyo katika ukumbi wa viti 60 hadi 120, uwe ni ukumbi wa chuo, wa kituo cha utamaduni au wa klabu ya maigizo kama zile ndogo za zamani zilizopo Dar es Salaam na Mombasa. Ukumbi wa kiasi hicho una faida kubwa ambayo uwanja hauna, kwani msanii anaonekana uso na anasikika pumzi. Hata hivyo, faida hiyo hupotea mara moja ikiwa maneno hayasikiki. Mtu anaweza kufurahia wimbo ambao hakushika nusu ya maneno yake, lakini kichekesho ambacho neno lake la mwisho limemezwa na kelele hakipo kabisa, na hadithi iliyokatika katikati haiungiki tena. Kwa hiyo, kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia paa la ukumbi hadi mpangilio wa wasanii, upimwe kwanza kwa swali moja: je, neno linalosemwa jukwaani litamfikia aliyeketi kiti cha mwisho?

Ukumbi na tarehe

Ukienda kuuangalia ukumbi, nenda usiku, tena siku ile ile ya wiki ambayo unakusudia kufanya onyesho. Wamiliki wengi hupenda kuonyesha ukumbi saa nne asubuhi, wakati baa ya jirani imelala, kanisa la mtaa wa pili halina mkesha na barabara haina foleni ya bodaboda zinazopiga honi. Chukua mwenzako, mweke jukwaani bila maiki, mpe gazeti alisome kwa sauti ya kawaida, nawe uketi safu ya mwisho. Usipomsikia, tafuta sababu kabla ya kufikiria spika, kwa sababu mara nyingi utakuta ni feni ya dari inayogonga, kiyoyozi cha zamani kinachonguruma au dirisha linaloelekea jikoni. Kisha piga kofi moja katikati ya ukumbi na usikilize. Kofi likirudi na mlio wa pili, ujue kuta tupu za tofali na sakafu ya vigae vinarudisha sauti, na maneno yataparamiana. Mapazia mazito yaliyotundikwa ukuta wa nyuma na zulia lililotandikwa jukwaani hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na miili ya watu yenyewe hunyonya sauti, ndiyo maana ukumbi uliojaa huwa na usikivu mzuri kuliko ukumbi mtupu.

Uliza pia juu ya paa. Paa la mabati lisilo na dari chini yake halifai kabisa kwa utambaji wa hadithi wakati wa Masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mvua ikianza kunyesha hakuna spika itakayoshindana nayo isipokuwa kwa kuwaumiza watu masikio. Ikiwa ukumbi wa aina hiyo ndio pekee unaoumudu, panga onyesho lako kati ya Juni na Septemba, ambapo mwambao wetu huwa mkavu na hewa ni ya baridi kidogo, hata feni zinaweza kuzimwa wakati wa hadithi bila watu kulalamika.

Kuhusu saa, usitangaze muda ambao wewe mwenyewe huuamini. Katika miji ya pwani adhana ya Isha husomwa kati ya saa 1:15 na saa 2:00 usiku kutegemea majira ya mwaka, na mara nyingi msikiti hauko mbali. Mtambaji akianza kisa chake dakika hiyo atalazimika kunyamaza, na ni haki anyamaze. Ni bora kufungua milango saa 1:15, kuanza na muziki saa 2:00 kamili au mara baada ya adhana kwisha, na kumaliza kabla ya saa 4:30, ili anayekaa Mbagala au anayevuka kwenda Kigamboni asilazimike kuondoka katika nusu ya pili akihesabu nauli ya bajaji. Mwezi wa Ramadhani uache, hasa Zanzibar na Lamu, kwani hata wasanii wenyewe hawatakubali.

Vibali

Sehemu hii inachosha lakini haikwepeki. Tanzania Bara, shughuli za sanaa zinasimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na mlango ulio karibu nawe ni afisa utamaduni wa halmashauri yako. Zanzibar ina baraza lake, BASSFU, linaloshughulikia sanaa, sensa ya filamu na utamaduni. Nyimbo za watu wengine zikipigwa hadharani, haki za watunzi husimamiwa na COSOTA kwa upande wa Bara, chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, na COSOZA kwa upande wa Zanzibar. Kenya wahusika ni tofauti, na anayeandaa Mombasa au Nairobi atapaswa kuulizia Bodi ya Uainishaji wa Filamu kwa yanayoigizwa jukwaani pamoja na vyama vya hakimiliki ya muziki. Anza mapema, walau majuma manne kabla, na uulize ukumbi wenyewe una kibali gani tayari, kwa kuwa kumbi nyingi zinazoendesha maonyesho mara kwa mara zinaijua njia yote na zinaweza kukuonyesha mlango wa kugonga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye apewe taarifa, hata pale ambapo hulazimiki, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa simu na jirani aliyeudhika.

Kuwachagua wasanii

Usiku wa saa mbili na robo unawatosha wachekeshaji wawili, mtambaji mmoja, kikundi kimoja cha muziki na mshereheshaji. Waandaaji wapya hupenda kuongeza majina ili tangazo lijae, na matokeo yake kila msanii anapewa dakika tano, hakuna anayepata nafasi ya kuikamata hadhira, na saa tano usiku bado kuna watatu nyuma ya pazia.

Mchekeshaji usimchague kwa vipande vifupi vya simu peke yake. Kipande cha sekunde 40 kilichochujwa na kuhaririwa hakikwambii kama mtu huyo anaweza kusimama dakika 12 mbele ya watu walio hatua mbili kutoka kwake. Mtazame jukwaani, hata kama ni katika sherehe ndogo, na uangalie anafanya nini kichekesho kimoja kinapogoma. Zungumza naye mapema kuhusu mipaka. Vichekesho vyetu vingi vimejengwa juu ya utani wa makabila, na utani una wenyewe: Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutupiana maneno ambayo mtu wa tatu akiyarudia yanageuka tusi, kwa sababu kinachoyafanya yavumilike ni uhusiano wa miaka mingi ambao hata msibani haukomi. Mwambie mchekeshaji awataje watani wake na watani wake tu, au ajitanie yeye mwenyewe na watu wake, na hapo atakuwa na uwanja mpana. Kenya jambo hilo lina uzito zaidi, kwani tangu 2008 kuna sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa inayoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, na aliyezoea uhuru wa utani wa Tanzania Bara atajikuta matatani bila kukusudia.

Mtambaji ni adimu zaidi, na wengi wanaojiita watambaji ni wasomaji wazuri wa hadithi zilizoandikwa. Tofauti yao hujulikana kwa jambo moja, nalo ni kama mtu huyo anaisubiri hadhira. Mtambaji anayeijua kazi yake akisema «Paukwa!» na ukumbi ukajibu «Pakawa» kwa sauti ya unyonge, haendelei. Atatulia, atawaangalia walioketi nyuma ambao bado wanafungua soda, atasema tena «Paukwa!» safari hii akiwaelekea wao, na ataingia katika hadithi pale tu ambapo jibu limetoka kwa ukumbi mzima. Hapo amekwisha kuwapa watu kazi, na mtu aliyepewa kazi haangalii simu. Mwombe mtambaji wako achague ngano yenye wimbo ndani yake, kwa sababu ngano zetu nyingi zina kipande kinachoimbwa na ndege, na mke mdogo au na mtoto aliyefukiwa, ambacho hurudiwa mara tatu au nne kisa kinavyoendelea. Kipande hicho ni daraja la bure kati ya hadithi na muziki. Mpiga udi au mpiga fidla akikisikia mchana wakati wa mazoezi, usiku atakishika chini kwa chini katika marudio ya pili, na katika marudio ya nne ukumbi wote utakuwa unaimba.

Kwa upande wa muziki, jiepushe na bendi kubwa, hata ikiwa ni ya marafiki na inakuja bure. Ngoma za kizungu zikipigwa kwa fimbo katika ukumbi wa viti 80 zinazidi sauti ya mwimbaji hata kabla hazijawekewa maiki, na baada ya wimbo wa kwanza masikio ya watu yanakuwa yamezoea kishindo, kiasi kwamba mchekeshaji anayefuata anaonekana kunong'ona. Kinachofaa ni kikundi cha watu wanne au watano wenye udi au gitaa, fidla, akordioni, dumbaki na rika, yaani tari ndogo. Kidumbak cha Unguja kinafaa kuliko vyote, kwani vingoma vyake viwili, sanduku la besi, fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganishwa) na cherewa (manyanga ya kutikiswa) havihitaji umeme hata kidogo, na umeme ukikatika katikati ya onyesho hutakuwa na cha kuomba radhi.

Mpangilio wa usiku

Hapa ndipo maonyesho mengi mazuri yanapoharibikia, na kwa kawaida hakuna anayejua kwa nini. Wasanii walikuwa hodari, vyombo vilikuwa vizuri, lakini usiku haukupanda. Sababu huwa ni kwamba kila sanaa kati ya hizi tatu inaiacha hadhira katika hali yake. Kichekesho kinaiacha imechangamka na inataka kusema, hadithi inaiacha kimya, muziki unaiacha inataka kusimama. Anayefuata lazima aanzie pale ilipoachwa, au awepo mtu wa kuihamisha.

Fungua na muziki usio na maneno. Taarabu ya Unguja ina desturi ya kuanza na bashrafu, yaani kipande cha ala peke yake kabla mwimbaji hajainuka, na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, vimeilea desturi hiyo kwa muda mrefu. Manufaa yake kwako ni ya kivitendo: watu wanaochelewa wanaingia na kutafuta viti bila kukanyaga neno la mtu, na fundi mitambo anapata dakika nane za kurekebisha sauti ukumbi ukiwa na watu. Baada ya hapo anaingia mshereheshaji, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuonja ukumbi kwa vichekesho vidogo viwili vitatu, kwa maana si haki kumtupa mchekeshaji wa kwanza mbele ya watu ambao bado hawajacheka hata mara moja. Mchekeshaji huyo apewe dakika 10.

Anapoondoka, watu wamechangamka na wanazungumza. Usimwite mtambaji papo hapo. Mwache mpiga udi apige peke yake dakika moja au mbili, taratibu, huku taa zikipunguzwa, na utaona minong'ono inaisha yenyewe bila mtu kuambiwa anyamaze. Mtambaji akianza katika utulivu huo anahitaji dakika 15 hadi 20, na baada yake kikundi kinaingia na wimbo unaofanana na ule wa hadithi, kisha nyimbo mbili nyingine, halafu mapumziko.

Baada ya mapumziko anza na muziki tena. Usiweke hadithi wala kichekesho hapo, kwa sababu theluthi ya watu bado wako nje wakimalizia sambusa, na kila anayerudi anasema «samahani» kwa watu sita. Nyimbo mbili zenye mwendo huwarudisha hata walio mbali. Kisha mtambaji anaweza kurudi kwa kisa kifupi cha dakika tano au sita, na nafasi ya mchekeshaji mkuu ije baada yake, dakika 15 hadi 20, ukumbi ukiwa umepumzika na una njaa ya kucheka. Muziki ndio ufunge, kwani hiyo ndiyo sanaa pekee kati ya tatu inayoruhusu watu kusimama, kucheza na kuondoka polepole bila kumdhalilisha aliye jukwaani.

Kuna kosa moja la mpangilio linalostahili kutajwa peke yake, nalo ni kumpandisha mchekeshaji mara baada ya wimbo uliotuzwa sana. Watu walioinuka na noti mkononi, wakapita mbele wakijishaua kwa madaha, hawawezi kurudi vitini na kuwa wasikilizaji ndani ya sekunde 20. Akipanda hapo, hata awe bingwa, atatumia dakika zake zote akiwaomba wakae.

Mshereheshaji ndiye anayeshikilia mpangilio huo wote, kwa hiyo usimkodi kwa sababu ana sauti nene. MC wa harusi ni hodari wa kupandisha shangwe, lakini wengi wamezoea kuijaza kila sekunde, na katika usiku huu anahitajika mtu anayejua lini akae kimya. Mpe karatasi yenye majina ya wasanii kama wanavyotaka kutajwa, dakika zao, na ishara ya taa ambayo msanii ataonyeshwa zikibaki dakika mbili. Taa ndogo ya simu inayowashwa nyuma ya ukumbi inatosha.

Sauti, taa na viti

Fundi mitambo akifika, desturi yake ni kuanza na ala, kuzipandisha hadi zipendeze, na kuzibakizia maiki za kuongelea dakika tano za mwisho. Mwombe abadilishe utaratibu. Maiki ya mzungumzaji ipimwe kwanza, mtu akiongea kwa sauti yake ya kawaida na si kwa kuhesabu «moja, mbili» kwa kishindo, mpaka kila neno lisikike safu ya mwisho. Kiwango hicho kikishapatikana, ala zipandishwe kuelekea hapo na zisivuke. Besi ya maiki hizo ikatwe kwenye mikisa, kuanzia takribani hezi 100 kwenda chini, kwa sababu sauti za chini hazina maneno, zina mngurumo tu. Spika ziwekwe mbele ya mstari wa maiki, zikiwa juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, la sivyo maiki itasikia spika na kupiga mluzi ule unaowafanya watu wazibe masikio. Mwonye mchekeshaji asiifunike kichwa maiki kwa kiganja kama wafanyavyo wasanii wa kufokafoka, kwani hilo nalo huleta mluzi na kulifanya neno liwe zito. Mtambaji anayetumia mikono yake miwili apewe maiki ya kuvaa au stendi, na iwepo maiki ya akiba yenye waya, iliyokwisha kupimwa, kando ya jukwaa.

Fundi akae ndani ya ukumbi, mahali wanapokaa watu, wala asifungiwe chumba cha pembeni ambako anasikia kitu kingine kabisa. Mpe naye nakala ya mpangilio. Jenereta, kama ipo, iwekwe mbali na upande wa jukwaa, na mjue mapema nani anaiwasha na inachukua dakika ngapi. Umeme ukikatika wakati wa hadithi, mtambaji asikatize: mshereheshaji aende mbele na tochi mbili za simu azielekeze kwenye uso wa mtambaji, na kisa kiendelee kwa sauti tupu. Ukumbi mdogo unaruhusu jambo hilo, na mwambie mtambaji mchana kwamba ndivyo mtakavyofanya ili asishtuke.

Taa nazo zina tofauti ndogo inayofaa kuzingatiwa. Wachekeshaji wengi hupenda ukumbi uwe gizani, kwa sababu watu hucheka kwa uhuru pale wasipoonwa na wakwe zao, lakini mtambaji anahitaji kuona nyuso, kwa hiyo wakati wake mwache ukumbi katika mwanga hafifu.

Viti vipangwe kwa nusu duara, safu ya kwanza ikiwa mita mbili kutoka jukwaani, na visiwekwe vingi kuliko watu unaowatarajia. Ukiwa umeuza tiketi 50 katika ukumbi wa viti 100, panga viti 55 na vingine uvirundike nje ya macho ya watu, kwani watu 50 waliobanana hucheka kama mia, na watu 50 waliotawanyika hukaa wakitazamana. Sisi tuna tabia ya kukimbilia nyuma, hasa tukiwa na wageni, basi weka mtu mchangamfu mlangoni wa kuwapeleka watu mbele mmoja mmoja, tena kwa adabu: «Karibuni huku, mama, nafasi nzuri iko hapa.» Safu ya mbele ikibaki tupu, mchekeshaji anaongea na shimo. Acha njia pana katikati kwa ajili ya wanaokwenda kutuza, ili wasipite mbele ya macho ya wengine, na yule wa mlangoni aelekezwe kwamba anayechelewa anaingia wakati wa muziki na makofi tu, na wakati wa hadithi asiingie kabisa.

Fedha

Tuseme tiketi ni shilingi 10,000 na umeuza 80: una shilingi 800,000 kabla ya kulipa chochote. Ukumbi, vyombo, kibali, usafiri wa wasanii na maji ya kunywa vitolewe humo, na kiasi kinachobaki ndicho unachoweza kuahidi, si kile ulichokiota wakati unachapisha tangazo. Kwa onyesho la kwanza ni salama zaidi kukubaliana na wasanii kwa mgawo wa mapato, ukiwa na kiwango cha chini ambacho kila mmoja atapata hata mvua ikinyesha, kuliko kuahidi malipo makubwa kwa maneno. Yaandikwe, hata kama ni katika ujumbe wa simu: kiasi, saa ya kufika, dakika za jukwaani na siku ya kulipwa. Malipo ya tiketi kwa simu, kupitia namba ya malipo ya biashara, hukupunguzia fedha taslimu mlangoni, lakini mlangoni wawepo watu wawili na daftari, kwa sababu mtu mmoja peke yake huishia kusingiziwa.

Suala la kutuza liamuliwe kabla ya pazia kufunguliwa. Katika taarabu fedha anazotuzwa mwimbaji huwa na utaratibu wake ndani ya kikundi, na wewe mwandaaji huna fungu humo. Swali linakuja kwa mchekeshaji na mtambaji, ambao siku hizi nao hutuzwa. Napendelea mshereheshaji atangaze mwanzoni kwamba mtambaji atatuzwa akimaliza na si katikati, kwa kuwa noti moja inayopelekwa mbele wakati kisa kimefika pagumu inageuza shingo zote na kuvunja kilichojengwa kwa robo saa. Watu huelewa wakiambiwa mapema.

Tangazo hilo hilo libebe na ombi la simu. Kupiga picha kuruhusiwe wakati wa muziki, lakini vichekesho na hadithi visirekodiwe, na sababu isemwe wazi: mchekeshaji hutumia miezi kukikomaza kichekesho, na kikisambazwa usiku huo, wiki ijayo akikisema Tanga au Mombasa ukumbi utamalizia maneno kabla yake. Ikiwa wewe mwenyewe unataka kurekodi kwa ajili ya matangazo, mlipe msanii kwa hilo au mkubaliane ni dakika ngapi utatumia, na yeye ndiye azichague.

Wasanii walipwe usiku ule ule, katika chumba chao na si kwenye ngazi mbele ya mashabiki, kila mmoja akiweka sahihi katika daftari. Baada ya hapo kaa na fundi mitambo na mshereheshaji dakika kumi kabla vyombo havijapakiwa garini, mwandike ni wapi neno halikusikika na ni dakika ipi watu walianza kutoka. Kama ukumbi umekufaa, lipia tarehe ya onyesho linalofuata kabla ya usiku huu wa kwanza kufanyika, ili mshereheshaji aitangaze kabla ya wimbo wa mwisho, wakati watu wote bado wako vitini na namba ya malipo bado iko ukutani.